Nilivyowaongoza Wastaafu wa Ayutthaya

Jumatano, 12 Novemba

Miezi minne najitolea kuongoza wageni kwenye makumbusho ya taifa, na bado napewa watoto wa chekechea tu. Dharau! Mimi, Bunlert, karani mstaafu wa posta!

Leo mkubwa wetu, Dada Rampha, katangaza kwamba Jumamosi linakuja kundi la wastaafu kutoka mji wa Ayutthaya. Atakayewaongoza vizuri atakuwa msaidizi wake. Wote wakamgeukia Mzee Sawek, yule daktari wa meno wa zamani. Kila kitu anajua yeye! Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kutafuna wali wake. Dada Rampha akauliza kama nina hakika. Nikasema nimebobea.

Watatembezwa chumba cha ala za muziki, nami sijawahi kukiingia. Nasikia kina baridi.

Alhamisi, 13 Novemba

Kusoma? Vitabu vinne, kila kimoja kizito kama tofali. Nimepata njia ya mkato. Saa nne Sawek alikuwa na wageni chumba hicho cha ala. Nikajibanza nyuma ya kabati la vinyago, daftari mkononi. Katikati ya maelezo akanyamaza, akanusa hewa. Dawa yangu ya kuchua goti, nadhani. Kisha akaendelea kwa sauti kubwa, taratibu, kama anayesoma imla. Mzee mzuri sana kumwibia!

Nimejua mengi. Kwa mfano, marimba yetu ina umbo la mtumbwi kwa sababu enzi za mafuriko wapigaji walikaa ndani yake, wakipiga muziki na kupiga kasia kwa virungu vilevile. Nani angejua! Wageni wake walicheka mpaka machozi. Watu hawana adabu.

Ijumaa, 14 Novemba

Asubuhi nilifanya mazoezi mbele ya mke wangu, Chaluai, akitwanga kinuni papai bichi la saladi. Akauliza mtu mzima anaeneaje ndani ya marimba. Nikamwambia watu wa zamani walikuwa wembamba. Akatwanga kwa nguvu zaidi.

Mchana Sawek kanifuata ngazini. "Ndugu yangu Bunlert, ile habari ya marimba..." Nikamkatiza hapohapo. Wivu mtupu! Nikamwambia apumzike, umri umekwenda. Kabaki anajikuna kichwa.

Jumamosi, 15 Novemba

Ishirini na wawili. Wote walimu wastaafu. Wa muziki! Hakuna aliyeniambia.

Nikasimama mbele ya marimba, nikatoa yote: mafuriko, virungu, kasia. Hata nikaonyesha kwa mikono. Bibi mmoja mfupi, Mwalimu Phayom, akasogea karibu kabisa.

"Mwanangu, hii nimeipiga miaka arobaini," akasema. "Sijawahi kuvuka nayo hata dimbwi."

Walicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. Sawek naye akaja mbio, akainamisha kichwa mbele ya wote na kusema kosa ni lake, alikuwa anatania. Nikaona pa kutokea! Nikamnyooshea kidole: huyu ndiye kanidanganya! Dada Rampha akauliza kwa upole kanidanganya lini, na nilikuwa wapi. Nikakumbuka kabati la vinyago. Nikakishusha kidole.

Mwalimu Phayom alimaliza ziara mwenyewe. Alieleza vizuri, sikatai. Sikusikiliza sana, nilikuwa nimeudhika.

Jumapili, 16 Novemba

Sawek ndiye msaidizi. Kaniletea ndizi za kukaanga, kaniambia tukikaa pamoja kila Jumatano atanifundisha chumba kimoja kimoja, bila mzaha. Ndizi nimekula. Kufundishwa nimekataa. Mtu mzima nifundishwe!

Mimi nimewekwa kwenye rafu ya viatu, mlangoni mwa hekalu lililo ndani ya makumbusho, ambamo wageni huingia pekupeku. Navipokea, navipanga, navirudisha. Saa tano nilichoka kunyamaza. Mgeni kutoka Chiang Mai alipovua makubazi, nikamnong'oneza kwamba rafu hii ina miaka mia tatu, na ilichongwa kutokana na usukani wa meli ya vita.

Ameipiga picha. Nyuma yake wakajipanga wengine tisa. Nadhani nimeipata kazi yangu.