Bima ya Wazee Wazima

Mwaka wa hamsini na saba, Kisangani nzima ikizungumza habari za pensheni ya wafanyakazi, Alexis alikuwa amejikalia kwenye baraza la zahanati moja, akijifanya mgonjwa ili apate kivuli. Mlangoni muuguzi alikuwa akimrudisha Papa Yakubu, fundi cherehani mzee.

"Unaumwa wapi, papa?"

"Siumwi. Nataka munipime mbele ya kuumwa."

"Bon, rudi ukiumwa."

Mtu mwingine angesikitika. Alexis alisikia kuku wakilia, kuku ambao wazee wazima kama huyu wangemletea. Msimwite mwizi, maana mwizi huingia bila kukaribishwa, na Alexis hakuwahi kuibia nyumba ambayo hakuwekewa kiti.

Kesho yake alivaa shati la kaki lililopigwa pasi kama barua ya serikali, akapanda baiskeli yake, mali pekee aliyokuwa nayo duniani, akaenda kwa Koko Kadidja, bibi mjane ambaye wazee wote wa mtaa walisikiliza neno lake. Meli ya kwenda Léo, mji mkuu, ilikuwa inaondoka Ijumaa. Alikusudia kuwemo, na mali ya wazee pamoja naye.

"Koko, serikali imewakumbuka wazee," alianza. "Imeleta bima ya umma. Kila mutu anaweka kitu: kuku, mchele, kitambaa. Na bima hii haingojei ugonjwa. Inalipa mutu angali muzima, apimwe macho, apimwe damu, ale vizuri."

"Na mwenye kugonjwa tayari?"

"Huyo amechelewa," alisema Alexis kwa huzuni ya kiofisi.

Hapo ndipo palipokuwa na utamu. Mzima hatadai, mgonjwa amechelewa. Alexis alijipenda sana asubuhi ile.

Koko akauliza, "Wewe umeweka nini?"

"Mimi niko wa serikali, koko."

"Alors watu watasema serikali inakula tu. Weka kitu kinene, waone. Ng'ambo ya mto wajane wako wengi, na mbuzi wao."

Mbuzi. Alexis aliwaona kichwani wakipanda meli mmoja mmoja, kwa nidhamu. Akaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa koko, iwe mchango wake, majirani wakiwa mashahidi.

Alhamisi ua ulifurika. Kuku, magunia ya mchele, samaki wa moshi kutoka Yanonge, na mbuzi walioahidiwa. Hata Assumani mwenye bucha, ambaye alikuwa hajafika miaka arobaini, alikuja na majivu kichwani kama mvi, akichechemea mguu wa kushoto alipoingia na wa kulia alipokwenda kukaa.

Alexis alisimama. "Wazee wangu, merci. Sasa napeleka vyote kwenye bureau."

"Bureau ya nini?" Koko Kadidja aliuliza. "Likelemba tunagawa hapahapa. Wote wanaweka, mumoja anabeba, kesho mwingine."

"Koko, hii haiko likelemba. Hii ni bima."

"Na ulisema inalipa mutu muzima. Papa Yakubu, unaumwa?"

"Hata kidogo," alisema Papa Yakubu.

"Basi abebe leo, mbele ya kuchelewa. Ndiye mukubwa wetu. Atapimwa macho, atakula." Kisha akamgeukia Alexis kwa upole. "Kama tumekosea, twende wote kwa administrateur, akuambie mwenyewe. Si ndiye mukubwa wako?"

Alexis hakuwahi kuonana na administrateur, na hakuona sababu ya kuanza leo. "Hamukukosea, koko," alisema.

Papa Yakubu akaikokota baiskeli hadi barabarani, jogoo akiwa amefungwa kwenye usukani, akashindwa kupanda, akacheka, akaendelea kuikokota. Mbuzi wakafuata, kwa nidhamu.

Alexis alibaki na sauti isiyokuwa na serikali ndani yake. "Na mimi, koko? Zamu yangu lini?"

"Tunafuata umri, mutoto wangu. Assumani yuko mbele yako." Akamsogezea kiti. "Lakini mwenye kuweka mara moja hawezi kuacha. Donc, Alhamisi ingine utatuletea nini?"