Dume la Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Dada kaniita jikoni. Mama mkwe wake anakuja Jumapili, na chumba ninacholala mimi ndicho anachotakiwa kulala yeye. Shemeji kasema nipishe. Dada kanitetea: kamwambia mumewe nimepata shughuli ya maana, nitachangia kodi, na mama atatandikiwa vizuri sebuleni. Nikauliza ni shughuli gani hiyo. Kanikazia macho, kasema hilo ni la kujiuliza mwenyewe. Yeye ameshaniapia mbele ya mumewe. Nisimwaibishe.

Simwaibishi ng'o! Shughuli ninayo. Iko kwenye tangi la kioo chini ya kitanda, ina miguu minane na manyoya ya kutosha kushonea kofia. Malkia wangu! Buibui tarantula jike, mkubwa kuliko sahani ya chai. Akizaa, anazaa watoto mamia. Mwenye duka la wanyama wa kufuga kaniahidi: nikimpelekea jike aliyekwisha kupandwa, ananipa pesa za kianzio papo hapo. Kinachokosekana ni mume tu.

Jumanne, 4 Machi

Dume pekee lililokomaa ni la kinyozi wa kona. Mtu huyu ananikera. Ana rafu nzima ya buibui juu ya vioo vya saluni, na hawezi kunyoa kidevu bila kukuhubiria juu yao. Wafugaji tuna desturi: anayeazimisha dume hupewa nusu ya watoto, hata dume likiliwa. Nusu! Kwa kazi ya dakika chache! Nikamwomba apunguze. Kakataa. Tena kasema kwanza nimlete jike amkague. Amkague Malkia? Kwani yeye ndiye mkunga wa wilaya? Nimesimama kwa hasira, nikatoka na ndevu upande mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Bahati imenikumbuka! Kinyozi kafiwa na mjomba, anasafiri, atarudi Jumamosi. Kaniachia funguo niwawekee buibui wake maji. Kasema hana mtu mwingine asiyeogopa kuwashika. Nimempa pole nyingi, nusura nitoe machozi.

Alipokata kona tu, dume lilikuwa ndani ya kopo la siagi, kopo liko chini ya shati langu.

Malkia yuko tayari. Hajagusa panzi kwa muda sasa, tumbo limekolea weusi, anajikunyata pembeni anawaza. Nimeelewa mara moja. Mapenzi.

Alhamisi, 6 Machi

Harusi! Dume kagonga chini kwa miguu ya mbele, ngo ngo ngo, kama mgeni mwenye adabu mlangoni. Malkia kaitikia. Dume kaingia. Nikageuza uso, mimi si mtu wa kuchungulia. (Nilichungulia. Mambo yalikwenda sawa.)

Nikamkimbilia dada. Nimemwambia amweleze mumewe kwamba biashara imekamilika, pesa ziko njiani. Kaacha pasi juu ya shati la watu, kanikumbatia. Kasema alijua tu siku moja nitamtoa kimasomaso. Nilijisikia mtu mkubwa.

Niliporudi chumbani bwana harusi alikuwa vipande. Wala Malkia hakumla! Kamrarua, kamtupa kwenye bakuli la maji, kakaa pembeni kama vile hayamhusu.

Ijumaa, 7 Machi

Msiba juu ya msiba. Malkia kalala chali, miguu juu. Nimelia, na si kwa ajili ya biashara tu. Nimemchimbia kaburi nyuma ya bafu kwa kijiko cha dada. Narudi kumchukua, kumbe anatoka ndani ya ngozi yake! Anajivua gamba! Mpya, laini, anang'aa. Kando yake gamba zima: miguu yote, manyoya, hata meno. Ukiliweka vizuri ni buibui kamili.

Akili yangu hii! Sasa gamba liko saluni, kwenye tangi la dume, nyuma ya kigae, mguu mmoja unachungulia. Nimelirudia mara kadhaa kulirekebisha mkao. Mwenyewe nilikaribia kulisalimia.

Jumamosi, 8 Machi

Kinyozi karudi. Kaangalia tangi, kachukua kibano. Kalivuta gamba nje mbele ya wateja. Kasema kwa upole, na upole ndio ulioniuma, kwamba dume likishakomaa halijivui gamba tena mpaka kufa. Tena hili ni gamba la jike. Kauliza dume lake liko wapi. Nikasema limepumzika. Mteja mwenye povu usoni kacheka mpaka povu likamwingia mdomoni.

Nikakiri. Lakini nikajitetea kiume: ndoa ilifungwa, kwa hiyo nusu ya watoto ni wake, desturi ni desturi! Hapo kinyozi akakaa kwenye kiti cha wateja. Kasema jike akijivua gamba baada ya kupandwa, mbegu zote huondoka na gamba. Hakuna watoto. Jike anayesusa chakula na tumbo likaiva weusi anataka kujivua, hataki mume. Ndiyo maana alitaka kumkagua.

Mwenye duka la wanyama alikuwa kwenye foleni ya kunyolewa. Kasikia kila neno.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kaja na masanduku. Shemeji kamuuliza dada mbele ya mama yake: pesa za ndugu yako ziko wapi? Dada kanitazama. Mimi nikatazama zulia. Dada kaingia chumbani, kanifungia begi kwa mikono yake, mashati yote yamepigwa pasi. Ningefurahi zaidi kama angenitukana. Nilikuwa na aibu kweli, mpaka getini.

Jumatatu, 10 Machi

Nalala saluni, chini ya rafu, Malkia pembeni. Nafagia nywele kufidia dume. Kinyozi kanipa sharti moja: nisiguse chochote chenye miguu zaidi ya miwili.

Lakini leo, kinyozi akiwa ametoka kununua nyembe, mteja kaleta nge wawili ndani ya chupa, anawatoa bure. Nimewachunguza vizuri. Mmoja mnene, mwingine mwembamba, wameshikana mikono, wanazunguka taratibu kama wachumba. Hawa ndio! Walioshikana mikono namna hii hawawezi kuraruana.

Nimempigia dada. Nimemwambia amhakikishie mumewe kwamba kodi ya mwezi ujao yote ni juu yangu. Kakata simu kabla sijamaliza. Bila shaka alikuwa anakimbilia kumwambia.