Mbio za Vienna na Saa Inayong'aa

Jumatatu, 3 Agosti

Baridi kali hapa mtaani Bellevue, jiji moja na Soweto, lakini mimi moto! Kazini, kwenye kinu cha zamani cha nyuklia tunachokibomoa nje ya jiji, bosi wetu Dokta Nomsa katangaza kwamba mmoja wetu wa kitengo cha tathmini ya hatari atakwenda Vienna, kwenye mkutano wa watafiti. Mmoja tu. Ama mimi Placide, ama Deo. Deo! Mtanzania mpole, anasalimia hata mlango. Anatengeneza roboti ya kunusa mionzi vyumbani. Mke wangu Falonne kauliza roboti ya nini humo ndani, kwani kuna magari? Kwake roboti ni zile taa za barabarani, kama waziitavyo watu wa hapa. Nimecheka sana. Kisha nikaacha. Roboti ya Deo ni nzuri kweli.

Jumanne, 4 Agosti

Wazo! Wazo la ajabu! Mtafiti wa hatari husifiwa kwa kugundua hatari. Shida ni kwamba stoo ya kazini tumeisafisha mno, hatari hakuna. Basi italetwa. Joubert Park nimenunua saa ya mezani ya kizamani, ile inayong'aa kijani gizani. Rangi yake ina radiamu, madini yanayotoa mionzi. Nikaisogezea kipima mionzi, kikalia kama kifaranga. Raha! Nitaificha stoo, na Ijumaa nitaigundua mbele ya Dokta. Falonne, anayeniita kwa jina la mwanetu, kasema, "Papa Exaucé, kitu hicho hakilali na mtoto wangu." Kimelala nje.

Jumatano, 5 Agosti

Imeingia! Getini wanapima wanaotoka tu. Nani mwenye akili ataingiza mionzi kwenye kinu cha nyuklia? Mimi! Iko nyuma ya makopo ya rangi. Nimempa Deo chai, nikamuuliza kama Vienna kuna baridi. Kasema hajui, ila akienda ataniletea soksi. Soksi! Dharau gani hii?

Alhamisi, 6 Agosti

Msiba. Deo kaamua kuijaribu roboti yake leo. Wapi? Stoo! Nimemsihi aanzie choo cha wageni, nikasema choo kile nakitilia shaka siku nyingi. Kakataa kwa heshima zote. Roboti ikaingia, ikanusa, ikapiga kelele. King'ora! Jengo zima nje, tunatetemeka, tukapangwa foleni ya kupimwa. Viatu vyangu vipya vimetiwa mfuko wa njano wa taka za mionzi. Sitaviona tena. Watu wakampigia Deo makofi, na vigelegele juu. Uzalendo ukanishinda. Nikapaza sauti kwamba saa ni yangu, na nilijua ilipo kabla ya roboti!



Dokta Nomsa, aliyezaliwa Morogoro wazazi wake wakiwa uhamishoni, kaniuliza kwa Kiswahili safi kama ninaumwa.

Ijumaa, 7 Agosti

Ofisini kwa Dokta. Nilifunga tai, haikusaidia. Kaniambia Samira wa stoo ni mjamzito, na meza yake iko pembeni ya yale makopo. Eish. Sikujua. Wamempima, yuko salama. Nimekwenda kumwomba radhi. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kanitoa kwa ufagio. Haki yake. Kazi sijafukuzwa: nimepewa onyo la mwisho, na tangu sasa nitagawa glavu. Vienna anakwenda Deo.

Jumanne, 11 Agosti

Furaha! Furaha isiyo na kifani! Deo kanijia kwenye glavu, uso chini. Dokta kamwagiza aongeze sura mpya kwenye utafiti. Tulitathmini mabomba, vumbi, moto, hata panya. Hatukuwahi kumtathmini mfanyakazi anayekuja na mionzi yake kutoka nyumbani. Dokta kaiita Hatari ya Placide. Deo kasema, "Pole kaka, nitamwomba alifute jina lako." Alifute? Nimemkumbatia! Nimemtajia jina langu lote, herufi kwa herufi, pamoja na vinukta viwili vya kwenye ï ya jina la ukoo. Vienna nzima itanisikia!

Falonne kashika kichwa. Hajui mambo ya utafiti. Mfano mmoja hautoshi, watafiti watauliza wa pili uko wapi. Bahati nzuri Soweto kuna bwana anauza dira ya ndege ya kizamani, inang'aa rangi ya chungwa. Nimeshampigia. Kaniwekea.