Kumuua Inspekta Mloka

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Nimeamua kumuua Inspekta Mloka. Miaka sita nimemtunga na kumlisha mimi. Alipozaliwa, karatasi ilikuwa ya kuombea kibali, na Morogoro nzima haikuwa na mpelelezi mwingine. Sasa biashara huria, karatasi bwerere. Leo stendi nimeona magazeti ya katuni kumi na moja, kila jalada bastola na msichana anayepiga kelele. Mloka wangu kawekwa chini kabisa, kalaliwa na kitabu cha mapishi.

Mpango: toleo la tisa anakufa. Mji unalia. Toleo la kumi anarudi mzima. Mji unagombania. Na kuna watu wanasema darasa la sita halitoshi.

Stephano, mchoraji wangu wa Kihonda, kauliza, Mzee, tukishamuua tutachora nini? Nimemjibu kazi yake ni pua na masikio, mambo ya uhai na mauti aniachie mimi. Habari ya kurudi sijamwambia. Mdomo wake hauna kifuniko. Halafu nimeliondoa jina lake kwenye jalada ili langu lipate kunenepa.

Alhamisi, 5 Agosti

Limetoka. Wezi wa sukari wamemsukuma Mloka kutoka kilele cha Bondwa. Kaanguka kurasa mbili nzima. Nikamzika kwao Matombo, sanda, kaburi, matanga, mtu asije akasema ni uongo.

Adhuhuri haikufika, nakala zimekwisha. Muuza dagaa kanipa pole na fungu la bure. Nimepokea kwa uso wa kufiwa.

Rehani, fundi cherehani wa hapa Mafiga, kaniuliza nani atarithi jina. Nimecheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia yule ni mtu wa wino. Kasema wino au maji, dada anaye, yule wa toleo la tatu aliyempikia maharage akiwa na kitoto mgongoni. Kweli kabisa. Nilibakiwa na kurasa mbili tupu, nikamtungia dada. Wasomaji hawana kazi za kufanya.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimeibiwa mchana kweupe.

Stendi kuna gazeti jipya. MLOKA, herufi kama za lori. Chini yake: Stephano. Ndani, wazee wa Matombo wamemkalisha kigodani yule mtoto wa dada, sasa kijana mwenye kifua, wakampa jina la mjomba, koti la mjomba na bastola ya mjomba. Ukurasa wa nne keshakamata wezi wangu wa sukari. Ana meno mazuri, mshenzi huyu.

Sisi Waluguru ndivyo tulivyo. Mtu akifa, mpwa wake hurithishwa jina, na tangu siku hiyo yeye ndiye marehemu mwenyewe, anaitikia na salamu zake. Nilijua. Ila nilikuwa na shughuli nyingi.

Nimekwenda Kihonda na fimbo. Stephano kaniamkia shikamoo kwa adabu zote, kanisogezea kiti. Nimemwita mwizi. Kasema yeye mtu wa Songea, mambo ya huku hayajui, ila mkewe Eufrazia ni Mluguru wa Mgeta, alisoma toleo la tisa akashangaa msiba umeachwa bila mrithi, aibu. Eufrazia akadakia kutoka jikoni: Babu, wewe si ndiye uliyemzika? Sisi tumekumalizia msiba tu. Karibu chai.

Chai nimekunywa. Hasira haikatazi chai.

Jumatano, 11 Agosti

Nimempelekea Ernest, mwenye mashine ya kuchapa, toleo la kumi: Mloka aliangukia lori la kabichi, yu hai. Huyu akichapa, Stephano kwisha.

Ernest, Mluguru mwenzangu, kasoma kwa miwani, kisha bila miwani. Kauliza aliyezikwa nani. Nimesema mtu mwingine. Kauliza na huyo kamlilia nani. Kasema hachapi, jina limeshakaliwa, watu wawili hawaenei ndani ya jina moja.

Nikapiga meza. Nikasema nimemzaa mimi. Akaniuliza taratibu kama Kibwana ndilo jina nililozaliwa nalo. Mimi nilizaliwa Kondo. Kibwana ni mjomba, nimerithishwa mwaka wa hamsini na saba. Basi, kasema Ernest, mjomba wako akitokea hapo mlangoni na kabichi kichwani, utamrudishia?

Nimesema ningefunga mlango.

Kanirudishia karatasi zangu.

Ijumaa, 13 Agosti

Siku mbili sikukaa chini. Nimezunguka uani mpaka kuku wamehamia kwa jirani. Mloka kawekwa juu kabisa pale stendi, na si wangu tena. Mtu asiye na mpelelezi ni nini? Babu tu.

Alfajiri, jibu likaja. Kosa langu nilimuua mtu mdogo. Kama mji ulimlilia mtu wa wino, je, mwenye wino?

Mpango: nakufa mimi. Jumatatu linatoka tangazo, mtunzi mashuhuri Kibwana hatunaye. Najificha Ngerengere kwa binamu yangu wiki mbili. Vitabu vyangu vya zamani vinagombaniwa. Kisha natokea, na Stephano anazimia.

Mke wangu Aisha amesikiliza huku akichambua mchele. Hakubisha, jambo la kushangaza. Kauliza tu kama kwenye matanga amwite Erick, mtoto wa dada yangu Editha kule Kinole.

Nimemwambia amwite upesi, na amtolee kigoda na koti langu jipya. Msiba usio na mpwa nani atauamini?