Vidole Vitatu Si Dini

Mashine ya Kusaga,
Uyole, Mbeya.
23 Agosti 1976

Ndugu Mhariri,

Mke wangu Rozalia aliondoka hapa Uyole Jumamosi ya tarehe 14 Agosti, kwa basi la asubuhi la Iringa, akiwa na watoto wetu wawili, godoro dogo na sufuria ile kubwa. Aliyemwondoa ni gazeti lako. Nimeanza hivyo bila kukujulia hali ili nisikupotezee muda, na habari ya muda ndiyo malalamiko yenyewe.

Jumanne ya tarehe 10 mliandika kwa herufi nene: "DINI YA SIRI YAZUKA UYOLE: Waumini hawasalimii watu, husujudia mashine." Mimi ndiye mwenye mashine. Nilianza kwa kubeba magunia ya viazi ya watu wengine, leo nasaga mahindi ya Uyole nzima, na hakuna mjomba aliyenibeba. Darasa langu linaitwa Darasa la Kujiendeleza. Nafundisha bure. Nayajibu maneno yenu moja baada ya jingine.

1. Mmesema ni dini. Dini ina nyimbo, ina sadaka, ina watu wanaosinzia. Sisi hatuna hayo. Kila mwanafunzi huleta debe la viazi kwa mwezi, lakini viazi hivyo tunavila wenyewe. Tunakutana kila siku saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu saa moja wateja wanaanza kufika. Tunasema kwa pamoja, mara saba, "Muda wangu ni shamba langu." Tulianza na mara sita, nikaona hawashiki.

2. Mmesema hatusalimii. Uongo mtupu. Nilikaa mlangoni pa mashine mwezi mzima nikipima. Mtu mzima wa hapa hutumia saa moja na nusu kwa siku kuuliza habari za nyumbani, za shambani, za ng'ombe, za mvua, za yule mgonjwa, na wakishaagana wanakumbuka kuwa hawajaulizana za kanisani, wanarudi. Ndipo nikatengeneza salamu ya darasa: unainua vidole vitatu. Cha kwanza, sijambo. Cha pili, nyumbani salama. Cha tatu, nawe nakutakia hayo hayo. Mwenzako anainua vyake, mnapishana, kila mtu na kazi yake. Mwenye shida hukunja kidole kimoja, na shida yake husikilizwa Jumamosi kuanzia saa nane. Hiyo ni salamu iliyokobolewa, Ndugu Mhariri. Pumba zimeondoka, sembe imebaki.

3. Mwandishi wenu anadai "hujipaka weupe na kuinamia mashine". Ule weupe ni unga. Aje asimame kwenye mashine yangu saa moja tu, akitoka bila weupe nitampa gunia. Kuinama tunainama kweli, kwa sababu saa ya ukutani nimeitundika nyuma ya mkanda wa mashine, na usipoinama huioni. Viatu vinavuliwa mlangoni ili watu wasiniletee tope kwenye unga. Haya yote ningemweleza, lakini alitaka tuanze kwa kujuliana hali. Nikamwonyesha vidole, akanuna, akaenda kuuliza majirani.

4. Mmeniita nabii. Jirani yangu Filemoni, mzee wa kanisa, sasa kila akipita anapaza sauti: "Haya, nabii, leo mvua inanyesha saa ngapi?" Na wateja wanacheka, mahindi yao yakiwa kwenye mashine yangu! Sijawahi kujiita nabii. Nilichosema ni hesabu. Saa moja na nusu kwa siku ni siku ishirini na mbili na ushee kwa mwaka. Kwa miaka arobaini ni miaka miwili na nusu ya kuishi, nyongeza, na kila anayenifuata ataipata. Wanafunzi wangu waliikubali hesabu hiyo bila kuikagua, jambo linaloonyesha jinsi ilivyo sahihi.

5. Mmesema tunawatenga watu na jamaa zao. Nani kamtenga nani? Shigela, kijana wa Kisukuma kutoka bonde la Usangu, alikuwa mwanafunzi wangu bora kuliko wote. Juzi baba yake mdogo alikuja kumtazama, baada ya kusomewa gazeti lako kilabuni. Mzee akaanza salamu zao zile za kutaja ukoo mpaka kwa babu wa babu. Shigela akainua vidole vitatu, akaendelea kushona gunia. Mzee akakaa chini palepale kwenye pumba. "Huyu ameshaliwa," akasema. "Hii iliyobaki ni ngozi yake tu." Akamburuta mpaka kwa mganga. Nilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja. Leo ni tisa, na wawili kati yao nadhani wanafuata viazi.

6. Sasa Rozalia. Gazeti lilitoka Jumanne, yeye akaondoka Jumamosi. Sihitaji shahidi. Kwangu hakupungukiwa na kitu: unga upo, bati lipo, na sijawahi kumwinulia mkono isipokuwa kwa vidole vitatu. Dereva wa lori ameniletea habari kwamba Jumapili hii, baada ya misa, baba mkwe wangu mzee Bartolomeo anakaa na ndugu zake pale kwao Ipogolo, Iringa, kunijadili. Wakikaa kabla gazeti lako halijajisahihisha, mke wangu atabaki kwao moja kwa moja. Jambo jingine dhidi yangu hawana. Walitoe wapi?

Kwa hiyo nataka msahihishe ukurasa wa kwanza, kwa herufi zile zile. Neno "nabii" mlifute. Na huyo mwandishi wenu aje akae darasani siku arobaini, alale hapa hapa, asiwasiliane na kwao mpaka amalize. Hapo ndipo ataelewa kwamba sisi si dini.

Nisalimie wote hapo ofisini, wapiga chapa, wafagizi, na wake zao na watoto wao: vidole vitatu.

Ni mimi, kwa wakati,
Asukile Mwakalobo
Mwalimu na Mwenye Mashine

Nyongeza: Mchana nilikuwa nalamba bahasha, akaingia shemeji yangu Esta, mdogo wake Rozalia, ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi la Iringa. Gazeti lako anasema Ipogolo hakuna aliyeliona. Amekataa kiti, amezungumza akiwa mlangoni: "Shemeji, dada alitoka kumzika bibi aliyemlea. Wewe ukampokea stendi kwa vidole. Akakaa siku mbili anangoja umuulize. Hata 'mmezikaje' ilikushinda?"

Ni kweli nilimpokea stendi, tena sikuchelewa. Yeye hakuinua hata kidole kimoja. Nilidhani ni uchovu wa safari.

Esta anasema wazee wa Jumapili wanataka kitu kimoja tu. Niende mwenyewe, nipige hodi, nimsalimie mke wangu mpaka mwisho, wote wakisikia.

Tangu mchana najaribu. Naanza vizuri, kwa salamu ya kwao: Kamwene, habari za huku, poleni na msiba. Baada ya hapo mkono unapanda wenyewe. Wanafunzi hawawezi kunisaidia, nimewafundisha vizuri mno. Wewe una watu wanaolipwa kwa maneno. Ile habari ya dini iacheni kama ilivyo. Mimi unijibu hili: mtu aliyetoka kumzika bibi yake, ukishampa pole, unamuuliza nini? Na akijibu, unamuuliza nini tena? Basi langu linaondoka Jumamosi saa moja asubuhi. Nataka jibu kwa telegramu kabla ya Ijumaa tarehe 27, saa tisa alasiri, na usibane maneno. Gharama ni yangu.