Foleni Yangu Mtaani Hakata

Jumanne, 4 Novemba
Viti vitupu tena katika mgahawa wangu wa rameni, tambi zetu za supu. Ng'ambo ya uchochoro, kwa Kuramochi, yule mgeni kutoka Sapporo, kaskazini, watu wamebanana. Eti rameni ya miso, rojo la soya lililochachushwa, juu yake siagi na mahindi. Mahindi! Hapa Hakata, nyumbani kwa supu ya mifupa ya nguruwe!

Mke wangu Chizuko kanipasulia ukweli. Jumamosi wanakuja wale wasafiri wanaoonja rameni za kila mkoa. Wakitupita, yeye anahamia kwa Kuramochi, anakotafutwa mhudumu. Nimecheka. Kisha nimeogopa.

Jumatano, 5 Novemba
Dawa imepatikana! Sisi watu wa hapa tukiona foleni, tunajipanga kwanza, tunauliza baadaye. Nitaweka wateja wa bandia mlangoni. Chizuko kauliza mifupa itachemshwa na nani. Nimemjibu atulie, mambo makubwa kwanza.

Ijumaa, 7 Novemba
Shangazi Fumie kakubali kuleta wenzake wote wa kikundi cha mazoezi ya viungo. Nimewaomba wasimame tu, wanyamaze. Kasema kusimama wanaweza, mwanangu, lakini hilo la kunyamaza nimwombe Mungu.

Jumamosi, 8 Novemba
Foleni ilipendeza! Ila jirani muuza tofu, ile jibini ya soya, akaja juu: mlango wake umezibwa, wateja wake wapite juu ya paa? Shangazi, mtu wa adabu, akaomba radhi, akaukunja mkia wa foleni hadi ng'ambo. Mkia ukaangukia mlangoni kwa Kuramochi. Wasafiri wakafika, wakajipanga mkiani.

Kuramochi akatoka, akainama mpaka kiunoni. Samahanini sana jamani kwa kuwasubirisha, karibuni ndani! Nani akatae heshima ile? Wakaingia wote. Na Shangazi pia! Nikamfuata nimtoe, nikavutiwa kiti. Nikala. Mahindi yale ni matamu. Inaniuma kuandika hivyo.

Niliporudi, moto ulikuwa umezimika, mifupa baridi, na aproni ya Chizuko imekunjwa vizuri mezani.

Jumapili, 9 Novemba
Nimechungulia dirishani. Chizuko anabeba mabakuli ng'ambo, anacheka. Kwangu hajacheka tangu masika. Nimeumia, sifichi.

Jioni kapita kuchukua viatu vyake. Kasema shida haikuwa foleni, ni supu: sijachemsha mifupa ipasavyo wiki nzima. Maskini, biashara haijui.

Lakini ngoja! Kumbe sasa nina jasusi jikoni kwa adui, na mwenyewe wala hajui!