Amplifaya ya Sufuria

Jumapili, 1 Julai 1984

Mkono umeinuka wenyewe.

Baada ya ibada katekista alitangaza kwamba kwaya ya Endagikot itatutembelea hapa Basotu tarehe kumi na tano. Watu watakuwa wengi kuliko kanisa, wengine watasimama nje. Akauliza nani atapata kipaza sauti. Alfredi, fundi wa karakana ya shamba la ngano, akasema ataazima cha parokia na kukileta kwa pikipiki. Makofi! Siku hizi mtu anapigiwa makofi kwa kuazima!

Ndipo nikasema mimi nitatengeneza amplifaya kwa mikono yangu. Halafu makofi marefu kuliko ya Alfredi. Sikio langu halidanganyi.

Zita, mke wangu, hakupiga. Njiani aliniuliza kama nakumbuka mwenyekiti wa kwaya ya Endagikot ni nani. Nakumbuka sana. Ni baba yake, Mzee Tluway. Miaka sita tangu nimwoe binti yake, na bado ananiita "yule wa stoo". Vizuri. Aje amwone huyo wa stoo.

Jumanne, 3 Julai

Nimeanza na vifaa. Kitabu ninacho, aliniachia mtaalamu wa kombaini za kuvunia ngano aliyerudi kwao Kanada. Kina ukurasa wenye mchoro. Ukurasa unaoueleza mchoro umechanika. Haidhuru. Mistari ni waya. Kiduara chenye miguu mitatu ni transista. Zinatakiwa nne.

Stoo ya shamba ninayoitunza ina kila kipuri cha trekta lakini transista hata moja haina. Redio ya Zita inazo saba. Nikafikiri: redio inayoimba kwa saba itashindwaje kunong'ona kwa tatu?

Imeshindwa. Nimeirudishia kifuniko na kuiweka kabatini mahali pake.

Saa mbili kasoro Zita aliiwasha asikilize matangazo ya vifo. Kimya. Akasema labda leo hakuna aliyekufa. Nikasema tumshukuru Mungu.

Alhamisi, 5 Julai

Nimedandia lori la ngano mpaka Katesh, kwa Mzee Bura, fundi redio. Nilimpa shikamoo, nikamwonyesha mchoro. Akavaa miwani. Akaivua. Akauliza nimewahi kutengeneza nini kabla ya hii. Nikasema hii ndiyo itakuwa kabla ya nyingine.

Akanieleza taratibu. Anayeanza aanze na transista moja, sauti ya kusikika mezani tu. Ikikubali, aongeze. Akague kila waya kabla ya kuunga betri. Chanya na hasi asizichanganye. Transista kubwa aifunge kwenye aluminiamu ipoe, la sivyo itajiunguza. Na waya wa maiki uwe mfupi, tena wenye nyuzi za kuukinga, maana waya mrefu ulio wazi unadaka kila kinachopita hewani.

Nimeyaandika yote. Maneno mazuri kabisa kwa watu wanaoanza.

Nilipomwambia yangu inatakiwa isikike mpaka kijiji cha Gehandu, alinitazama sana. Akanipa risasi ya kulehemu bure. Nadhani anataka tuwe marafiki kabla sijamnyang'anya wateja.

Jumamosi, 7 Julai

Siku ya betri. Kinatakiwa kitu cha volti kumi na mbili. Kombaini namba nne imelala karakana, mkanda wake umekatika na mwingine unatoka Dar es Salaam. Kombaini isiyotembea itafanya nini na betri? Nimeibeba mchana, Alfredi alipokwenda kula. Nimeazima tu. Hata yeye anaazima na kupigiwa makofi.

Nilipasha chuma kwenye jiko la mkaa, nikalehemu kila kitu. Kitabu kinasema waya mweusi uende ardhini. Nikachimba futi mbili kando ya mchicha wa Zita, nikauzika, nikamwagia maji. Nikaunga betri.

Moshi! Mwembamba, mweupe, wenye harufu ya samaki. Transista zote nne kwa mara moja.

Nimempa dereva wa lori barua ampelekee Mzee Bura. Nimeuliza kama ardhi ya Basotu ni tofauti na ya vitabuni.

Jumatatu, 9 Julai

Jibu limekuja, mstari mmoja: "Ardhi ya kwenye mchoro ni upande wa hasi wa betri. Fukia shimo." Chini, kwa herufi ndogo, ameongeza kwamba inaelekea chanya na hasi nilizigeuza. Pamoja na jibu ameniletea transista nne alizotoa kwenye redio mbovu, akisisitiza nitumie moja kwanza. Mzee mwema. Mwoga kidogo.

Jioni Zita aliinua redio aifute vumbi. Akaipima mkononi. Akafungua kifuniko.

Nilitegemea makelele. Hakupiga makelele. Alikaa kwenye kigoda akaniambia, "Baba Justina, leo nimekutana na mtu wa kwetu. Shangazi amefariki. Walitangaza Jumanne. Wamemzika Jumatano. Mimi sikuwepo."

Jumanne ile ile.

Nilisema pole. Shangazi huyo ndiye aliyemlea. Zita alikwenda kulala na kanga usoni, nami nikakaa jikoni mpaka mkaa ukazima.

Nimeamua amplifaya iwe ya kumkumbuka shangazi. Sasa kuacha itakuwa kumkosea marehemu.

Jumatano, 11 Julai

IMESEMA!

Nimetumia zote nne. Kwa kupoza nimezifunga kwenye sufuria ya aluminiamu, ile ya ugali. Inatosha kabisa, na ina mishikio ya kubebea. Spika nimeitoa kwenye redio ya Zita, ambayo sasa haina tena la kupoteza. Nikakohoa kwenye maiki, niliyoitoa kwenye simu mbovu ya stoo. Kikohozi kilitoka sufuriani kama cha mtu mwenye cheo.

Ng'ombe wa Gidahosh, mfugaji jirani yetu, walikuwa wanapita nyuma ya nyumba. Walitawanyika mpaka ukingo wa ziwa. Alipomaliza kuwakusanya alikuja kuuliza, kwa adabu, hiki chombo ni cha nini. Nikasema cha kukuza sauti. Akafikiri. Akasema shamba lilipochukua malisho yao lilitumia karatasi tu, halikutoa sauti yoyote. Akaenda zake. Watu wengine hawapendi maendeleo.

Inaunguruma kidogo hata kama husemi kitu. Na waya wa maiki ni mrefu, hatua ishirini, wa kawaida, ule wa kufungia magunia. Lakini mwimbaji lazima apate nafasi ya kutembea.

Jumamosi, 14 Julai

Mambo mawili, yote mabaya. Mkanda wa kombaini umefika kwa gari la Meneja wa shamba na kwenda moja kwa moja karakana. Na mawingu yamesimama juu ya mlima Hanang, mwezi wa saba! Ngano ya upande wa mashariki bado imesimama.

Nimepiga hesabu ya kichwa. Kesho ni siku ya Bwana. Hawatafunga mkanda kabla ya Jumatatu. Jumapili jioni betri itakuwa imerudi, na hakuna atakayejua ilitembea.

Jumapili, 15 Julai

Naandika bega likiniuma.

Kwaya ilifika asubuhi. Mzee Tluway alishuka wa kwanza. Shikamoo baba. Marahaba. Akaitazama meza yangu: sufuria, waya, betri chini imefunikwa na kanga. Akamuuliza Zita kama yule wa stoo siku hizi anapika.

Kanisa limejaa, uani wamejaa. Katekista akasogea kwenye maiki. Nikawasha. Mngurumo, kisha sauti yake ikatoka kubwa, mpaka waliokuwa nje wakageuka. Alfredi hakuwepo kuona. Nilijiuliza yuko wapi. Ningepaswa kujiuliza zaidi!

Kwaya ikasimama. Mwalimu akainua mkono. Kimya kile kabla ya wimbo. Ndipo sufuria ikaanza kusema yenyewe.

Ilikuwa sauti ya Meneja, inakwaruza, lakini yake kabisa. Alikuwa karakana, kule mashambani, anaongea na ofisi kwa redio ya mawasiliano. Ofisi iko hapo tu, ng'ambo ya barabara, na waya wangu ulikuwa umetandazwa mpaka mlangoni.

"Ofisi, ofisi. Mkanda tumeshafunga. Mvua inakuja. Betri ya namba nne haipo. Narudia, haipo. Mtafuteni yule wa stoo."

Niliruka kuizima. Mguu ukanasa kwenye kanga, kanga ikatoka. Betri ikabaki wazi mbele ya waumini wote, na ubavuni, kwa rangi nyeupe ya Alfredi mwenyewe, namba nne kubwa kama mlango.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniumiza. Mzee Tluway aliinuka, akaja mpaka mezani, akaitazama betri, kisha mimi.

"Tadei," akasema. Mara ya kwanza katika miaka sita. "Rudisha betri ya watu."

Nikaibeba begani, kilomita tatu, tindikali ikinitoboa shati la Jumapili. Nyuma yangu kwaya ilianza kuimba bila chombo. Nilikuwa nimeshafika kwenye mashamba na bado nawasikia vizuri kabisa.

Alfredi aliipokea, akaifunga. Kombaini ikawaka. Walivuna mpaka saa kumi na mbili, mvua ikaanza saa moja. Ekari chache tu zimelala.

Zita ameondoka na Justina wetu na baba yake kwenda kulia kwenye kaburi la shangazi. Aliaga. Alisema atarudi nikiwa na redio inayosema.

Jumatano, 18 Julai

Meneja ameniondoa stoo. Nimekuwa mlinzi wa mnara wa maji. Alidhani nitalia.

Mzee Bura alipita na lori leo. Amekubali kuitengeneza redio ya Zita. Akanieleza tena, taratibu, kana kwamba mimi ni mgonjwa: waya mrefu ulio wazi ulidaka mawasiliano ya Meneja. Nimfuate Katesh, nianze na transista moja.

Nilimsikiliza kwa heshima zote. Lakini yeye ameona kosa mahali ambapo mimi naona ugunduzi. Chombo changu kilisikia redio ya shamba bila hata kufundishwa! Kama kinaweza kusikia, kimebakiza kusema tu. Kwa nini nikuze sauti ya watu mia wakati ninaweza kuirusha Basotu nzima? Kituo cha redio. Matangazo ya vifo yetu wenyewe, mara tatu kwa siku. Zita atafurahi sana.

Nimemuuliza Mzee Bura. Akasema hilo linataka kibali cha serikali, elimu ya miaka mingi, na waya uliopandishwa juu sana.

Kibali sina. Elimu sina. Lakini kutwa nzima leo nimekaa juu ya kitu kirefu kuliko vyote shambani, na wamenipa ufunguo.